Kipimo cha Ulevi

Nafaka hupimwa kwa kibaba na pishi, nguo hupimwa kwa wari, na dhahabu hupimwa kwa mizani ambayo hata pumzi ya sonara huweza kuitikisa. Lakini ulevi, ambao umekaa na binadamu tangu alipojifunza kuchachusha nafaka na kugema mnazi, ulikaa maelfu ya miaka bila kipimo chochote. Mtu alipotaka kujua kama mwenziwe amelewa alikuwa na mashahidi wawili tu: jicho la mtazamaji na neno la mnywaji mwenyewe. Jicho la mtazamaji hukosea mara huku na mara huku. Ama neno la mnywaji, hilo hukosea kwa upande mmoja karibu kila mara, maana husema, "Mimi ni mzima."

Katika muda wa miaka mia moja hivi, wataalamu wa nchi mbalimbali walimtafuta shahidi wa tatu. Utafutaji huo una historia ya kupendeza, wala si historia ya vyombo na dawa peke yake. Ndani yake mna swali zito. Ikiwa kitu cha kwanza ambacho kileo hukidhoofisha kichwani ni kile kile ambacho mtu hujipimia nacho, basi nani atakayempima? Uhai wa watu wengi barabarani, na uhuru wa watu wengi mahakamani, umetegemea jibu la swali hilo.

Mwaka 1872 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya vileo. Sheria hiyo ilimkataza mtu kuwa mlevi katika njia ya watu wote hali anaongoza gari la kukokotwa, au farasi, au ng'ombe, au injini ya mvuke. Kadhalika ilimkataza kulewa hali ana bunduki iliyotiwa risasi. Msomaji wa leo huenda akacheka kuona ng'ombe na injini ya mvuke vimefungwa nira moja katika sentensi, lakini watunga sheria hawakuwa wajinga. Walivitaja vitu ambavyo, vikiwa mikononi mwa mtu asiyejimiliki, huwadhuru wengine wasioonja hata tone. Ila waliacha jambo moja, nalo ni kueleza mlevi ni nani.

Upungufu huo ulidhihirika motokaa zilipotokea. Tarehe 10 Septemba 1897, dereva mmoja wa teksi mjini London, jina lake George Smith, kijana wa miaka 25, aligongesha teksi yake ya umeme katika jengo lililo kando ya barabara iitwayo New Bond Street. Alipofikishwa mbele ya hakimu alikiri kosa, na kwa hiyo hutajwa katika vitabu kuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa kuendesha motokaa hali amelewa. Kesi yake ilikuwa nyepesi kwa sababu alikiri. Waliomfuata hawakuwa na moyo ule.

Basi polisi wakawa hawana budi kumwita daktari, na daktari naye akawa hana budi kubuni mitihani. Mshitakiwa aliambiwa atembee juu ya mstari wa chaki, afumbe macho na kugusa ncha ya pua yake kwa kidole, aokote sarafu sakafuni, atamke maneno ya kutatiza ulimi kama vile vitanzandimi tunavyovijua sisi. Mitihani hiyo ilikuwa na hila mbili, na kila moja ilikuwa kinyume cha nyenziwe. Kwanza, iliwatia hatiani watu wasio na hatia: mgonjwa wa kisukari aliyepungukiwa na sukari katika damu hupepesuka kama mlevi, mtu aliyepigwa kichwa katika ajali husema maneno yasiyoshikana, na mwenye kigugumizi hashindi mtihani wa ulimi hata akiwa amekunywa maji matupu. Pili, iliwaachilia wenye hatia. Mnywaji wa siku nyingi hujifunza kuuficha ulevi wake. Miguu yake huzoea kusimama na ulimi wake huzoea kutamka, na watu humsifu kwa kusema kwamba pombe haimwezi. Lakini alichozoea ni mwendo na maneno tu. Mtoto akikatiza ghafula mbele ya gari lake, hapo hapana mazoea yatakayomfaa.

Wakati madaktari wa polisi walipokuwa wakihangaika na mistari ya chaki, tabibu mwingine wa London alikuwa amekwisha kulifikia jambo kwa njia ya kufikiri. Tabibu huyo ni John Hughlings Jackson, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Katika mihadhara yake ya mwaka 1884 alieleza kwamba ubongo umejengwa kwa madaraja. Chini kabisa mna kazi zisizohitaji fikira, kama vile kupumua. Juu yake mna miendo ya viungo. Na juu ya yote mna kazi zile ambazo kwazo mtu huhukumu, hujizuia na hujitazama. Daraja la juu ndilo lililochelewa kujengeka, nalo ndilo lililo dhaifu kuliko yote. Kwa hiyo, alisema, damu yenye kileo ikiufikia ubongo wote kwa mara moja, daraja la juu ndilo litakaloanza kuanguka, kisha la katikati, na la mwisho ni lile la pumzi.

Elimu ya siku hizi imeongeza mengi juu ya maneno hayo, na imeyasahihisha mahali mahali, lakini umbo lake limebaki. Kitu kinacholevya katika busaa, katika mnazi, katika chang'aa, katika bia na katika wisiki ni kimoja, nacho ni alkoholi. Huingia katika damu zaidi kwa njia ya utumbo mdogo, na baada ya dakika chache huwa kimekwisha kufika kichwani. Chembe za ubongo huzungumza kwa kupelekeana kemikali. Kemikali moja, iitwayo gaba, hutuliza. Nyingine, iitwayo glutamati, huamsha. Alkoholi huizidishia nguvu ile inayotuliza, na huipunguzia kazi ile inayoamsha, jambo ambalo wataalamu wa Marekani walilionyesha kwa majaribio mwaka 1989. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambamo mna uamuzi na kujizuia, huathirika mapema. Ubongo mdogo ulio kisogoni, unaosawazisha miendo, huathirika pia, na hapo ndipo mtu huanza kuyumba. Kileo kikizidi mno hufika kwenye shina la ubongo, nalo likilala pumzi husimama. Hivyo ndivyo afavyo mtu aliyeshindana na wenzake kumaliza chupa.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza: ikiwa kileo hutuliza, mbona mlevi hupiga makelele? Jibu lake si gumu. Kujizuia nako ni kazi, tena ni kazi ya daraja la juu. Darasa ambalo mwalimu wake amesinzia huwa na kelele nyingi, wala kelele zile si dalili kwamba wanafunzi wamezidi kuelimika.

Fikira za Jackson zilihitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza ulitolewa na saa. Mjerumani Emil Kraepelin, tabibu wa magonjwa ya akili, alikuwa na vyombo vya kuhesabu sehemu ndogo sana za sekunde. Aliwanywesha watu kiasi kidogo cha kileo, kisha akawapa kazi nyepesi za akili: kujumlisha tarakimu, kukariri, kuchagua kati ya ishara mbili. Matokeo aliyachapisha mwaka 1892. Mikono ya watu wale mwanzoni ilikuwa myepesi kuliko desturi, lakini hesabu zao na kumbukumbu zao zilirudi nyuma. Jambo lililomshangaza lilikuwa hili: waliona kazi inakwenda vizuri, na saa ilisema haiendi. Mwanafunzi wake, Gustav Aschaffenburg, alitoka katika chumba cha majaribio akaenda kwa wapangaji wanne wa herufi za chapa, watu wa kazi ya kweli, akazihesabu herufi walizopanga siku za mvinyo na siku zisizo na mvinyo. Kwa jumla siku za mvinyo kazi ilipungua, na mvinyo wenyewe ulikuwa bilauri moja tu. Kraepelin aliyaamini majaribio yake kiasi cha kuacha pombe kabisa, jambo lisilo la kawaida kwa mwalimu wa Ujerumani wa siku zile.

Hata hivyo hakimu hawezi kumweka kila dereva mbele ya saa ya Kraepelin. Ilitakiwa njia ya kukiona kileo chenyewe.

Njia hiyo ilifunguliwa na Mswidi, Erik Widmark, wa Chuo Kikuu cha Lund. Mwaka 1922 alitangaza namna ya kupima kileo kwa matone machache ya damu yaliyotolewa katika ncha ya kidole. Kabla yake kipimo cha damu kilitaka damu nyingi, ambayo hapana mshitakiwa angekubali kuitoa. Widmark aliyatia matone yale katika kijikombe kidogo ndani ya chupa iliyozibwa, na chini ya kijikombe mlikuwa na asidi iliyochanganywa na dikromati ya potasiamu, ambayo rangi yake ni ya manjano. Chupa ilipopashwa moto, kileo kilitoka katika damu kikaingia katika asidi, kikaibadili. Na kwa kuangalia kiasi cha dikromati iliyobaki, kiasi cha kileo kilijulikana.

Widmark hakuishia hapo. Aliwapima watu saa baada ya saa, akaandika hesabu zao, na akaona jambo ambalo kila kijana angefaa kulijua kabla ya kudanganywa na wakubwa. Kileo hakitoki mwilini upesi kwa sababu ni kingi, wala polepole kwa sababu ni kidogo. Ini hukiunguza kwa mwendo mmoja, kama mshumaa uwakavyo. Watu hutofautiana, lakini kwa wastani damu hupoteza kiasi cha miligramu 15 katika kila mililita 100 kwa saa moja. Chukua mtu aliye na miligramu 150 saa sita za usiku. Alfajiri saa kumi na moja bado ana 75. Saa moja ya asubuhi, aamkapo na kuoga na kusema kwamba usingizi umemponya, bado ana 45, wala hatakuwa mtupu mpaka saa nne. Kahawa nzito haiongezi mwendo wa ini, maji baridi hayauongezi, na kutembea upeponi hakuuongezi. Vitu hivyo humwamsha mlevi, basi huwa mlevi aliye macho. Widmark alionyesha pia kwamba kinywaji kimoja hakiwi kimoja katika miili miwili. Mwili wenye maji machache, kama ulivyo kwa kawaida mwili wa mwanamke ukilinganishwa na wa mwanamume wa uzito ule ule, hubaki na kileo kizito zaidi katika damu.

Sasa shahidi wa tatu alikuwa amepatikana, na watunga sheria wakaanza kumsikiliza. Norwei ilitangulia. Mwaka 1936 iliamua kwamba mtu mwenye kileo cha sehemu nusu katika elfu moja ya damu, yaani kama miligramu 50 katika mililita 100, ana hatia akiendesha gari, awe anayumba au hayumbi. Uswidi ilifuata mwaka 1941. Huo ulikuwa mgeuzo mkubwa katika fikira za sheria. Tangu zamani sheria ilikuwa ikiuliza, "Je, mtu huyu alikuwa ameshindwa kuliongoza gari?" Sheria ya Norwei iliuliza, "Je, ana kiasi gani?" Walikuwako watu waliolalamika, na lalamiko lao halikuwa la kipuuzi. Walisema kwamba miili haifanani, na si haki kumfunga mtu kwa tarakimu hali hapana shahidi aliyemwona akikosea. Mimi naliona lalamiko hilo lina uzito, na kwa miaka mingi halikuwa na jibu lililo kamili, maana Widmark alipima kileo kilichomo katika damu, hakupima madhara yaliyomo katika uendeshaji.

Kabla ya kulieleza jibu, tutaje upesi chombo kinachojulikana kuliko damu. Katika karne ya 19 daktari Francis Anstie wa London alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba sehemu ndogo ya kileo hutoka kwa pumzi. Mwaka 1927 Emil Bogen wa Los Angeles aliwataka walevi wapulize pumzi zao katika kibofu cha mpira wa kandanda, akaipitisha pumzi hiyo katika dikromati ile ile, na rangi ikageuka kwa kadiri ya kileo. Rolla Harger wa Indiana alifanya chombo chenye puto, na polisi wakaanza kukitumia mwishoni mwa mwaka 1938. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyefanya kazi katika polisi ya jimbo hilo hilo, alibuni chombo kilicho rahisi kuchukuliwa na kutumiwa na askari wa kawaida. Puto la Harger likawa limepata mrithi, na pumzi ya mtu ikawa shahidi dhidi yake.

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye mji wa Manchester, kwa sababu huko ndiko lalamiko lilikojibiwa kwa namna iliyo wazi hata kwa mtu asiyejua kemia. Mwaka 1958 wataalamu watatu wa elimu ya nafsi, Cohen, Dearnaley na Hansel, walichapisha habari za jaribio walilolifanya kwa madereva wa mabasi wa mji huo. Hawakuchukua vijana wasiojua kazi. Walichukua madereva waliozoea, watu ambao riziki yao ilikuwa kupitisha basi lenye upana wa futi 8 katika njia nyembamba za mji wa viwanda. Walisimamisha nguzo mbili katika uwanja, wakawa wanazisogeza na kuzitenga, na kila dereva aliulizwa ni nafasi gani ambayo anaamini basi lake litapita. Kisha aliambiwa apite. Baadhi yao walikuwa hawakunywa kitu, wengine walipewa wisiki kidogo, na wengine walipewa zaidi.

Angalia ubora wa jaribio hili. Lilipima vitu viwili kwa pamoja: ustadi wa dereva, na imani ya dereva juu ya ustadi wake. Kama kileo kingalipunguza ustadi peke yake, dereva mwenye busara angalijihadhari, angalichagua nafasi pana zaidi, na pengine hapana ambaye angalidhurika. Mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu hufanya hivyo hivyo, huenda polepole na kushika ukuta. Matokeo yalikuwa kinyume. Kwa kadiri wisiki ilivyozidi, uwezo wa madereva ulipungua na ujasiri wao uliongezeka. Walikubali nafasi nyembamba kuliko zile walizozikubali wenzao wasiokunywa. Wakawapo wengine waliokubali kulipitisha basi mahali palipokuwa pembamba kuliko basi lenyewe.

Fikiri juu ya dereva huyo. Hakuwa mjinga wala hakuwa mhalifu. Alikijua kipimo cha basi lake kama fundi cherehani anavyokijua kidole chake, wala hakuna aliyemtukana au kumchochea. Aliitazama nafasi ambayo kwa hesabu haiwezi kupitika, na moyo wake ukamwambia kwa utulivu kabisa kwamba atapita. Nguzo ziliangushwa, na zilikuwa nguzo tu, kwa kuwa wataalamu walikuwa waangalifu. Mwaka ule ule wataalamu wengine wa Uingereza, Drew na wenzake, walieleza majaribio yao ya chombo kilichofanana na usukani wa gari: makosa yaliongezeka hata kwa vipimo vidogo vya kileo, na hawakuona mpaka ambao chini yake mtu yu salama kabisa.

Ikiwa ushahidi wa mnywaji ni batili wakati anapokunywa, je, kesho yake? Hapo nako mna shaka. Ndani ya ubongo, upande wa masikio, mna sehemu mbili ndogo zilizopindika mithili ya samaki wa baharini aitwaye farasi wa bahari, na kwa sehemu hizo mambo ya leo hugeuzwa kuwa kumbukumbu za kesho. Kileo kingi kikiingia kwa haraka, kazi hiyo husimama. Mtu huonekana akiongea, akilipa, hata akiendesha gari, na kesho yake hakumbuki hata neno. Si kwamba amesahau, bali hapakuandikwa kitu. Kwa walevi wa miaka mingi mambo yaweza kuwa mabaya zaidi. Mwaka 1887 Mrusi Sergei Korsakoff aliandika habari za wagonjwa ambao hawakuweza kushika jambo jipya kwa zaidi ya dakika chache, nao waliziba pengo kwa visa visivyotokea, wakivisimulia bila kukusudia uongo. Baadaye ilijulikana kwamba sababu kubwa ni upungufu wa vitamini iitwayo thiamini, ambayo mlevi huikosa kwa kutokula vema na kwa kuwa kileo huzuia isipokelewe na mwili.

Na kwa kuwa wasomaji wa insha hii ni vijana, jambo hili lawahusu zaidi: sehemu ya mbele ya ubongo, lile daraja la juu la Jackson, haikamiliki kujengeka mpaka mtu apite miaka 20 na kitu. Kijana wa kidato cha tatu anywapo huangusha nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya paa.

Turudi barabarani. Jaribio la Manchester lilifanyika uwanjani. Ilibaki kuonyesha kwamba mambo ndivyo yalivyo katika maisha. Borkenstein, yule yule mwenye chombo cha pumzi, alikwenda katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, katika miaka ya 1962 na 1963. Pamoja na wenzake alizipima pumzi za madereva karibu 6,000 waliopatwa na ajali. Kisha alifanya jambo la akili sana: aliwasimamisha madereva zaidi ya 7,000 wasiopatwa na ajali yoyote, akawapima nao. Bila hao wa pili, hao wa kwanza wasingefaa kitu, maana mtu angeuliza, "Mwajuaje kwamba wazima nao hawakunywa vivyo hivyo?" Ripoti ilitoka mwaka 1964. Penye miligramu 60 hatari ya kusababisha ajali ilikuwa kama mara mbili ya hatari ya asiyekunywa. Penye 100 ilikuwa kama mara sita. Penye 150 ilikuwa kama mara ishirini na tano. Tazama jinsi tarakimu hizo zinavyopanda. Kileo kinapozidi kidogo, hatari haizidi kidogo, bali huruka.

Basi lalamiko la watu wa haki likawa limepata jibu. Ni kweli kwamba miili haifanani. Lakini hapakuwa na haja tena ya kumtazama dereva mmoja na kubahatisha, kwa kuwa maelfu walikuwa wamekwisha kutazamwa.

Uingereza, iliyotunga sheria ya ng'ombe na injini ya mvuke, ilichukua miaka 95 kufika mahali Norwei ilipofika mwaka 1936. Waziri wa usafiri aliyeipitisha sheria mpya alikuwa mwanamke, Barbara Castle, ambaye yeye mwenyewe hakuwa akiendesha gari, na hilo walilifanya silaha ya kumtukania. Wenye vilabu vya pombe walisema ameua biashara yao. Mpaka uliwekwa penye miligramu 80, na polisi wakaanza kupima pumzi mwezi wa Oktoba 1967. Mwaka 1966 watu 7,985 walikuwa wamekufa katika barabara za nchi hiyo. Mwaka 1968 waliokufa walikuwa kama 6,800, ingawa magari hayakupungua. Nchi nyingine zimeuteremsha mpaka tangu siku hizo. Norwei yenyewe iliuteremsha mwaka 2001 mpaka sehemu mbili katika elfu kumi, kiasi ambacho ni karibu sawa na kusema usinywe kabisa.

Kenya nayo ina ukurasa wake katika habari hizi. Sheria ya Trafiki iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni ilimtia hatiani mtu aendeshaye gari hali ametawaliwa na kileo kiasi cha kushindwa kulimiliki gari lake. Msomaji atayatambua maneno hayo, kwa kuwa ni watoto wa sheria ya mwaka 1872. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kupima pumzi, nazo zilifuata njia ya Norwei: ziliweka kiasi, na kulifanya kosa kukipita kiasi hicho. Askari wakasimama barabarani usiku na vyombo vyao, na jina la chombo, alcoblow, likaingia katika ndimi za watu hata likawa kitendo, mtu akisema kwamba jana "amepulizishwa". Wako waliokwenda mahakamani kuzipinga kanuni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu. Majaji hawakusema kwamba kileo hakidhuru, wala hawakuikana elimu ya Widmark na Borkenstein. Waliliangalia swali la sheria na swali la kanuni, wakaona kwamba si swali moja. Sheria mama iliuliza kama dereva ameshindwa kulimiliki gari, na kanuni ziliuliza ana kiasi gani, na kanuni haina ruhusa ya kuunda kosa ambalo mama yake hakulitaja. Hivyo, miaka 81 baada ya uamuzi wa Norwei, na miaka 59 baada ya nguzo za Manchester kuangushwa, mashahidi wale wawili, mstari wa chaki na tone la damu, walikuwa wangali wanashindana mbele ya hakimu.